Mwenye kisukari, itazame miguu yako

Wengi tunapotaja kisukari cha watu wazima, yaani aina ya pili, tunaogopa macho na figo. Ni kweli, lakini leo tunasema juu ya miguu.

Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu na kuziba mishipa ya damu. Mguu hufa ganzi. Mkulima wa Mbekenyera anakanyaga mwiba chini ya mkorosho wake asisikie kitu. Kidonda kinaoza, mwisho mguu unakatwa. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam waliandika habari za wagonjwa wa kisukari waliotafunwa miguu na panya usiku, wakiwa usingizini. Panya hao hawakutumwa na mtu. Ni ganzi.

Basi kila jioni osha miguu, ikaushe hata katikati ya vidole, uitazame. Asiyeona vizuri amwombe mjukuu amtazamie nyayo. Usitembee peku, hata uani. Usikande miguu kwa maji ya moto wala kuota moto, utaungua bila kujua. Kidonda, hasa kisichouma, kionwe zahanati siku hiyo hiyo.

Sukari ipimwe asubuhi kabla ya kula. Walio wengi walenge milimoli 4 hadi 7 kwa lita. Ugali wa muhogo haukatazwi, hupunguzwa, mboga za majani zikaongezwa. Dawa zisiachwe eti umepata nafuu.

Na usiku chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro, wala chakula kisilazwe chumbani.