Google inapobadilisha mizani, tovuti za Kolwezi zinapanda ama zinashuka

Habari za Kolwezi zinasomwa hadi Beijing na London kwa sababu ya shaba na kobalti. Lakini mtu akiandika jina la mji huo kwenye Google, ni nani anayeamua ukurasa upi utangulie? Si serikali ya jimbo la Lualaba, si Gécamines, wala si sisi waandishi wa habari. Ni hesabu za kompyuta, na hesabu hizo zinabadilishwa kila mara.

Tuchukue mfano wa mwenye hoteli kule Manika anayetegemea wageni wa makampuni ya migodi, ama muuza vipuri vya kamioni kule Dilala. Tovuti yake ikiwa ukurasa wa kwanza, simu inalia. Ikishuka hadi ukurasa wa 3, ni kama haipo. Mtu aliyenunua mega za siku moja hawezi kuzimalizia huko nyuma.

Mambo yalianza mwaka 1998, pale Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walipoeleza wazo lao: kiungo, yaani maneno unayobonyeza yakakupeleka kwenye tovuti nyingine, kihesabiwe kama kura. Kura ya tovuti inayoheshimika iwe na uzito kuliko ya tovuti isiyojulikana. Wazo lilikuwa zuri. Ila kama kura zote, watu wakaanza kuzinunua.

Mwezi wa Februari 2011, gazeti la New York Times lilionyesha jinsi J.C. Penney, duka kubwa la Marekani, lilivyokuwa likiongoza katika utafutaji wa bidhaa nyingi kwa msaada wa maelfu ya viungo vilivyopandikizwa kwenye tovuti zisizohusika kabisa. Duka lilikana kuwa liliagiza viungo hivyo, lakini Google ikalishusha. Mwezi huohuo ukaja mpango uitwao Panda, dhidi ya kurasa zisizo na maana. Tarehe 24 Aprili 2012 ukafuata Penguin, uliolenga viungo vya hila.

Wanaouza madini Kolwezi wataelewa haraka. Mchimbaji mdogo anafika na magunia yake kwa mnunuzi, na bei haitokani na uzito peke yake. Mnunuzi anapima kiwango cha madini kwa kile kifaa ambacho wote wanakiita Metorex. Magunia 20 ya mawe matupu hayashindi gunia 1 la mawe yenye kobalti. Viungo ni vilevile: 500 vya kununua havifikii kimoja kutoka Chuo Kikuu cha Kolwezi ama kutoka gazeti linalosomwa. Na kama ilivyo kwa Metorex, mashine iko mikononi mwa mwenye kununua. Wachimbaji wamelalamika miaka mingi kwamba hawana njia ya kuhakikisha kipimo hicho, na mwenye tovuti yuko katika hali hiyohiyo.

Tangu Septemba 2016 Penguin inafanya kazi muda wote, na viungo vibaya mara nyingi havileti adhabu: vinapuuzwa tu. Kwa hiyo anayekuambia atakupandisha hadi nafasi ya kwanza kwa dola kadhaa anaweza kula makuta yako bila tovuti kusogea hata hatua moja. Google yenyewe inasema hakuna mtu anayeweza kuahidi nafasi ya kwanza.

Machi 2024 sheria zikakazwa tena. Zililengwa kurasa zinazotengenezwa kwa wingi ili kuvuta wasomaji tu, majina ya tovuti zilizokufa yanayonunuliwa ili kutumia sifa zake za zamani, na tovuti zenye heshima zinazokodisha kurasa zao kwa wageni. Hilo la mwisho linagusa vyombo vya habari. Wenye tovuti ndogo za habari wanajua zile barua pepe: mtu asiyemfahamu anaomba kuweka makala ya michezo ya kubahatisha, kwa malipo. Pesa inashawishi, hasa mwisho wa mwezi, lakini gharama yake inaweza kuwa sifa ya tovuti nzima. Wachapishaji wa Ulaya nao wamelalamika kwamba sheria hiyo inawaumiza, na Novemba 2025 Tume ya Ulaya ilifungua uchunguzi juu ya Google.

Kushuka siyo lazima iwe adhabu. Pengine wengine wameonekana bora zaidi. Mwenye tovuti aangalie kwanza Search Console, chombo cha bure cha Google, alinganishe siku aliyoshuka na tarehe za mabadiliko yaliyotangazwa. Na asianze kubomoa kurasa zake kabla zoezi halijaisha: lile la Machi 2024 lilichukua siku 45.