Spika za gari zinalia "wiiii"? Usikimbilie amplifaya mpya

Wenzangu tunaonadi bidhaa kwa spika za kirikuu, hili nusura linile mtaji. Tangazo lilikuwa linafunikwa na mlio, nikipiga resi nao unapanda. Fundi akasema amplifaya imekufa.

Kabla ya kutoa hela nikajaribu hivi:

1. Nilizima injini, redio ikiwa inawaka. Mlio ukaisha. Kumbe ni umeme wa alternata unaingia kwenye sauti, amplifaya nzima!

2. Nikachomoa betri, nikaangalia waya wa hasi wa amplifaya. Umefungwa juu ya rangi! Nikakwangua hadi chuma, nikakaza nati. Kimya.

Kwako bado unalia? Tenganisha nyaya za sauti na waya wa moto, kila moja upande wake.