Kwa nini skripti hufaulu mchana na kushindwa usiku

Wasimamizi wa seva za Linux hukutana mara kwa mara na tatizo hili: skripti ya kutengeneza nakala ya akiba ya hifadhidata ikiendeshwa kwa mkono hukamilisha kazi vizuri, lakini ikikabidhiwa cron, huduma inayotekeleza kazi kwa ratiba, hushindwa. Asubuhi faili la nakala huonekana, tena lina tarehe sahihi, ila ndani halina kitu. Mara nyingi hilo hugunduliwa siku diski inapoharibika.

Chanzo ni vigeu vya mazingira, yaani taarifa ambazo kila programu huzirithi kutoka kwa programu iliyoianzisha. Msimamizi anapoingia kwenye mfumo, mafaili kama .profile husomwa na kumwekea vigeu vyake. Cron haiyasomi. Katika Debian, kigeu cha PATH, kinachoonyesha mahali pa kutafutia amri, huwa na saraka mbili tu kwa kazi za cron: /usr/bin na /bin.

Hivyo, ikiwa amri ya pg_dump, inayonakili hifadhidata ya PostgreSQL, imewekwa katika /usr/local/bin, skripti haitaiona. Hata hivyo, faili la kupokea matokeo hufunguliwa kabla amri yenyewe haijatafutwa. Ndiyo maana hubaki faili lenye ukubwa wa sifuri. Cron hutuma taarifa ya kosa kwa barua pepe, lakini seva isiyo na huduma ya barua huipoteza taarifa hiyo.

Huduma zinazoanzishwa na systemd, ambayo Debian iliifanya chaguo la kawaida katika toleo la 8 la mwaka 2015, nazo hazisomi mafaili ya mtumiaji. Vigeu vyake huandikwa katika faili la huduma kwa maelekezo ya Environment au EnvironmentFile.

Tiba ni kutaja PATH mwanzoni mwa skripti na kuongeza "set -eu", ili kazi isimame amri inaposhindwa au kigeu kinapokosekana. Kabla ya kukabidhiwa cron, skripti ijaribiwe kwa kutanguliza "env -i PATH=/usr/bin:/bin", amri inayoondoa vigeu vingine vyote. Aidha, ukubwa wa nakala ukaguliwe kila siku, na nakala yenyewe ijaribiwe kurejeshwa katika kompyuta nyingine.