Bustani na Njia za Miguu Katika Makazi Mapya: Udongo Uulizwe Kwanza

Mgeni asimamaye juu ya kilima cha mawe katika nchi ya Wasukuma huona mteremko mmoja tu mbele yake. Mkulima mwenyeji huona udongo wa namna kadhaa, kila mmoja una jina na kazi yake. Juu pana luseni, udongo wa kichanga. Chini yake pana itogolo, wenye tabaka gumu lisilopitisha maji upesi. Na bondeni kabisa pana mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, aliuita mpangilio wa namna hii katena, yaani mnyororo, kwa kuwa kila udongo umeungana na wa jirani yake kama pete za mnyororo.

Elimu hii aghalabu huhesabiwa kuwa ya kilimo. Siku hizi haina budi kuwa pia elimu ya kujenga miji. Tangu mgodi mkubwa wa Geita uanze kutoa dhahabu mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka uliofuata, watu wamemiminika katika ukanda huo. Mkoa wa Geita, ulioanzishwa mwaka 2012, ulikuwa na watu wapatao milioni 1.7 katika sensa ya mwaka huo. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu karibu milioni 3. Watu hao wote wahitaji nyumba, na viwanja hupimwa kwa haraka.

Katika haraka hiyo, uwanja wa wazi huwa ni kipande kilichobaki baada ya viwanja vya nyumba kugawanywa. Kipande kisicho na kivuli, njia wala msimamizi hakikai miaka mingi kabla hakijaota kibanda, kisha nyumba. Njia iliyo bora ni kuigeuza kazi hiyo: kwanza ardhi ichunguzwe ili ijulikane ni wapi pasipofaa kujengwa, kisha mahali hapo pawe bustani tangu mwanzo.

Udongo wa mbuga hufura unapolowa na kupasuka unapokauka. Ukuta uliojengwa juu yake bila msingi maalumu hupata nyufa. Katika itogolo, shimo la choo hujaa maji wakati wa masika, kwa kuwa maji hayana pa kuzama. Nyumba, basi, zikae juu katika luseni, na bonde liachiwe nyasi, miti na maji. Mvua moja ya milimita 50 inyeshayo juu ya hekta moja ya mabati na lami humwaga lita 500,000, sawa na madebe 25,000. Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Mkondo ukifungwa kwa nyumba, maji hupita sebuleni. Ukiachwa kuwa bustani, watoto hucheza humo miezi yote ya kiangazi.

Njia za miguu nazo zina kanuni zake. Njia inyookayo kutoka kileleni hadi bondeni hugeuka korongo baada ya misimu michache, kama ilivyotokea kwa mapito mengi ya ng'ombe. Njia yafaa ikate mteremko kwa mshazari, iwe na vizuizi vidogo vya kuyatoa maji pembeni, nayo iunganishe nyumba na shule, kisima na soko. Mtoto aendaye shule chini ya vivuli, mbali na magari ya mizigo, ndiye mnufaika wa kwanza wa mpango huo.

Juu ya miti, Shinyanga ina somo lake yenyewe. Baada ya misitu mingi kufyekwa, kwa sehemu ili kufukuza mbung'o, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulianza mwaka 1986. Mradi huo uliwategemea wananchi na desturi yao ya ngitili, yaani kutenga malisho na kuyapumzisha. Ngitili zilizokuwa hekta zipatazo 600 tu zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Uoto wa asili ulirudi kwa sababu eneo lilikuwa na mipaka ijulikanayo, sheria ndogo na wenyeji wa kuisimamia. Bustani ya mtaa yaweza kuwa ngitili ya mjini: migunga na mikwaju iliyopo isikatwe, nao wakazi wachague kamati ya kuilinda.

Hata hivyo, katika ukanda wa dhahabu si kila uwanja mtupu ni salama. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamata dhahabu, kisha huichoma. Mvuke wake hutua ardhini, na mabaki yake hubaki katika mchanga uliooshwa. Watoto wadogo hutia udongo kinywani. Kwa hiyo mahali palipooshewa dhahabu pasigeuzwe uwanja wa michezo kabla udongo wake haujapimwa katika maabara, na mashimo ya kale yafukiwe au yazungushiwe ua imara.

Gharama ya kuchunguza udongo kabla ya kugawa viwanja ni ndogo. Gharama ya kubomoa nyumba ya mwananchi iliyokwisha kujengwa mkondoni ni kubwa, na mara nyingi hulipwa na yule asiye na uwezo. Mpima ardhi aingiapo katika eneo jipya yafaa amtafute kwanza mkulima mzee wa hapo, amwombe amtajie majina ya udongo mmoja baada ya mwingine, kuanzia kilimani hadi mbugani.