Karatasi Moja ya Krismasi na Januari

Nyumbani kwetu Dar es Salaam orodha za Krismasi huanza kuonekana katikati ya Novemba, karibu kila mara nyuma ya daftari la hesabu. Binti yangu wa miaka 9 mwaka huu ameandika vitu 11. Juu kabisa kuna gauni la marinda, kisha baiskeli, na chini, kwa herufi ndogo kuliko zote, "simu, hata kitochi". Mdogo wake bado anahangaika na herufi, kwa hiyo kachora mpira.

Baada ya hizo zinakuja orodha zisizoandikwa. Kuna mpwa anayeingia kidato cha kwanza. Kuna kaka anayekumbusha mchango wa mbuzi. Na kuna mama yangu huko Marangu, Kilimanjaro, ambaye kila nikimuuliza nimletee nini hujibu, "Njooni tu, mwanangu." Sisi tunaorudi huko kila Desemba tunalijua jibu hilo. Hakuna anayethubutu kushuka kwenye basi mikono mitupu.

Mwaka juzi maombi yote niliyaitikia. Mshahara wa Desemba uliwahi, ukaingia tarehe 20, nikashuka Kariakoo mchana uleule. Mtaa wa Kongo ulikuwa haupitiki kwa watu, na mimi nilikuwa mmoja wa wale wanaonunua bila kuuliza bei mara ya pili. Viatu vya kuwaka taa nilivibeba mwenyewe mkononi hadi nyumbani. Tulikula, tukanywa, tukapiga picha migombani. Hesabu niliyoisahau ni ya darasa la tatu: kutoka tarehe 20 Desemba hadi mshahara wa tarehe 30 Januari ni siku 41.

Shule zilipofunguliwa nilikuwa nimeshakopa kwenye simu mara mbili. Binti alirudi darasani na viatu vyeusi vya mwaka uliopita, vilivyoshonwa upya na fundi wa pale stendi. Vile vya taa vilikuwa chini ya kitanda, na taa zenyewe zilizima kabla ya Mwaka Mpya. Hakulalamika hata siku moja. Deni nililimaliza Machi, lakini ukimya wa mtoto yule ninao hadi leo.

Wapo wanaodhani mzigo wa Januari uliisha ada ilipofutwa mwaka 2016 katika shule za serikali, kuanzia msingi hadi kidato cha nne. Ada iliondoka kweli, na ni nafuu kubwa. Sare, madaftari na begi vilibaki. Anayekwenda bweni anahitaji godoro, ndoo na tranka, na muuzaji wa tranka wiki ya kwanza ya Januari hana sababu ya kukupunguzia hata mia.

Ndiyo maana tangu mwaka jana tuna jioni moja ya karatasi, mwanzoni mwa Desemba. Televisheni inazimwa. Karatasi inapigwa mstari katikati, kushoto Krismasi, kulia Januari. Juu yake tunaandika fedha yote tuliyonayo, pamoja na ile itakayopatikana kikoba cha mke wangu kikivunjwa. Baadhi ya ndugu walinishangaa: mtoto anaonyeshwaje mfuko wa baba yake? Mimi naona tunakosea tunapouficha. Mtoto anayeambiwa "hela hakuna" mwaka mzima, kisha Desemba akaona kreti za soda na bia zinashushwa mlangoni, atajua tu kwamba wakubwa husema uongo.

Kabla mtu hajaomba, anataja jambo moja alilotendewa mwaka huo na aliyemtendea. Mwaka jana mkubwa alimshukuru mwalimu wake. Mdogo akafikiri kidogo, akasema anamshukuru dada kwa kumbeba usiku ule wa malaria. Dada ni msichana anayetusaidia kazi za nyumbani. Mimi na mama yao tuliangaliana. Usiku ule mimi nilikuwa safarini, mke wangu zamu ya usiku kazini, na yeye ndiye aliyemfikisha mtoto zahanati. Jina lake halikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Tulimwandikia nauli ya kwenda kwao Njombe na doti ya kitenge, na ili ipatikane tukapunguza kreti.

Baada ya shukrani kila mtu anaomba kitu kimoja. Binti aliomba baiskeli, tukajumlisha pande zote mbili mbele yake, baiskeli haikuingia. Alilia. Kuna waliotaka nimwambie ashukuru kwa gauni alilopata. Sikumwambia. Mtoto akilazimishwa kusema asante huku machozi yanamtoka anajifunza kuigiza tu. Tulimwacha alie. Kesho yake aliomba kopo la maziwa lililokwisha, akalitoboa juu likawa kibubu.

Lakini aibu kubwa zaidi niliikuta Marangu. Mama alinituma nimletee kitu ndani ya sanduku lake, nikakuta mablanketi manne yamo kwenye mifuko yake ya plastiki, hayajafunguliwa. Yote yalitoka kwangu, Krismasi nne mfululizo. Nilimuuliza kwa nini hayatumii. Akacheka, akasema blanketi analo. Kilichomsumbua ni mfereji wa bati unaoingiza maji ya mvua kwenye tenki. Ulikuwa umekatika tangu masika, na yeye alikuwa akibeba maji kwa ndoo kutoka kwa jirani. Fundi aliutengeneza asubuhi moja, kwa fedha isiyofika bei ya blanketi. Miaka yote ile nilikuwa nauliza swali kwa haraka, simu ikiwa begani, nikitaka jibu fupi.

Nauli nayo iandikwe kwenye karatasi hiyohiyo. Tangu Desemba 2019 treni ya abiria imerudi kati ya Dar es Salaam na Moshi, baada ya kusimama zaidi ya miaka 20. Kwa familia ya watu watano tofauti yake na basi si ndogo. Wa basi akate tiketi mapema, na akizidishiwa nauli awape taarifa LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, asinung'unike peke yake.

Jumapili iliyopita nilimpigia mama tena. Nilikaa chini, nikazungumza naye kwa muda mrefu. Safari hii alitaja vitu viwili, betri za redio na miwani ya kusomea, kwa sababu ile ya zamani imevunjika mkono. Vyote vimeshaandikwa upande wa kushoto. Sare na viatu vyeusi, vya kulia, tulivinunua wiki jana kabla bei hazijapanda. Nawe msomaji, kabla hujaingia Kariakoo kwa manunuzi ya Krismasi, piga simu nyumbani, kaa chini, uulize mpaka ujibiwe.