Mkono mmoja, majina mawili ya Kiingereza

Mtoto akiandika kwamba viatu huvaliwa kwenye “legs”, anakosa alama, na akifika nyumbani anaambiwa hasomi. Mzazi, usimgombeze kwanza. Kosa hilo mara nyingi si uvivu, ni Kiswahili chake kinachomwongoza.

Sisi tunasema mguu, kuanzia pajani hadi vidoleni. Kiingereza huugawa: “leg” ni mguu wenyewe, “foot” ni sehemu ya chini ya kifundo, ile inayokanyaga. Wakiwa wawili, huwa “feet”.

Mkono nao ni vivyo hivyo. “Arm” huanzia begani hadi kwenye kifundo cha mkono; “hand” ni kutoka hapo hadi ncha za vidole, ndiyo inayoshika kalamu. Vidole vya mkono ni “fingers”, vya mguu ni “toes”.

Huhitaji kununua kitabu. Unapomwogesha au kumvalisha viatu, gusa, taja, naye arudie. Siku ya pili mwache yeye akuulize. Akikosea, mwambie, “Nionyeshe wapi.” Akigusa panapotakiwa, ujue ameelewa, kilichobaki ni neno tu.