Msalaba shingoni, hirizi kwenye soksi

UKITAKA kujua kama msimu wa pamba umekubali Simiyu, usihangaike kwenda kwenye mizani. Nenda uwanjani. Wakulima wakishalipwa, kiangazi kimekolea, viwanja vya mchangani vya Bariadi, Maswa, Itilima, Meatu hadi Busega vinajaa watu. Zawadi ni jezi, mpira, mbuzi, na mdhamini akiwa na mfuko mnene, ng'ombe kabisa.

Kabla ya filimbi, angalia wachezaji wanavyoingia. Huyu anagusa ardhi na kufanya ishara ya msalaba. Yule kapiga goti, macho kafumba. Kipa anavua rozari na kumkabidhi mtu wa benchi, maana sheria haimruhusu kucheza nayo. Utasema timu nzima imetoka kanisani.

Sasa rudi nyuma siku mbili. Timu kama hiyo unaikuta chini ya mti, kofia inazungushwa, kila mmoja anatoa chake kwa ajili ya 'kamati ya ufundi'. Kwa wasioujua mpira wetu, kamati hiyo haina kocha. Kazi yake ni kwenda kwa mfumu, yaani mganga, na kurudi na dawa ya kuzika golini na hirizi za kuficha kwenye soksi.

Usukumani jambo hili halikuanzia kwenye soka. Wacheza ngoma wa Bagika na Bagalu wameshindana miaka na miaka, na dawa za kuvuta watazamaji zilikuwa sehemu ya mchezo. Soka lilipofika likakuta njia imeshafyekwa.

Lakini Ukristo nao si mgeni hapa. Nassa, ambayo leo iko Wilaya ya Busega, ndiko wamisionari wa Africa Inland Mission walikoanza kazi mwaka 1909, na ndilo chimbuko la kanisa la AICT. Zaidi ya miaka 100 ya mahubiri, na bado kuna kijana anaimba kwaya asubuhi, jioni anaruka ukuta ili asipite kwenye mlango uliomwagiwa dawa.

SI UTANI

Wengine watasema huo ni utani wa mpira tu. Kiukweli, sio.

Timu ikifungwa, mganga lazima ataje sababu, na sababu hiyo ina jina la mtu. Uwanjani atatajwa kipa, au beki aliyejifunga. Nyumbani anatajwa bibi kizee mwenye macho mekundu, ambayo yameiva kwa moshi wa jikoni na wala si kwa uchawi. Vikongwe wa kanda hii wameuawa kwa mapanga kwa ramli za aina hiyo. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino.

Dawa ya golini na ramli ya nyumbani zinatoka kwenye mkoba mmoja. Kwa hiyo mchezaji Mkristo anayesema "mimi sitoi" kofia inapomfikia, hailindi roho yake peke yake. Anamlinda na bibi wa mtu.

FULANA IMEFUNGIWA

Mei 2007, AC Milan ilipoifunga Liverpool 2-1 kule Athens na kubeba Ligi ya Mabingwa, Kaká alibaki na fulana iliyoandikwa kwamba yeye ni wa Yesu. Dunia nzima iliisoma. Mwaka 2014 bodi ya sheria za soka, IFAB, ikapiga marufuku maandishi yote kwenye fulana za ndani.

Basi mlango wa fulana umefungwa. Uliobaki ni wa matendo, na huo ni mgumu zaidi.

Septemba 2012, Miroslav Klose wa Lazio aliutia mpira wavuni dhidi ya Napoli na refa akakubali bao. Klose akamfuata, akamwambia ameufunga kwa mkono. Bao likafutwa na Lazio ikalala 3-0. Ukweli ulimgharimu, lakini leo tunamsimulia yeye.

Hapa jirani, Kenya, yupo Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland. Alifika Iten mwaka 1976 kufundisha jiografia katika shule ya St Patrick's, bila kusomea riadha. Akashika saa, akasimama pembeni ya njia ya vumbi na vijana, akazeeka hapohapo. Mikononi mwake alipita Peter Rono, aliyechukua dhahabu ya mita 1500 Seoul 1988, na David Rudisha, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 London 2012 kwa dakika 1:40.91. Kinachomtambulisha bruda huyo ni kuwepo mazoezini kila siku, miaka nenda rudi.

KOFIA IKIKUFIKIA

Turudi Bariadi, chini ya mti. Anayekataa kuchangia mganga ataitwa mlokole, ataitwa bahili. Timu ikipigwa mbili bila, ataambiwa yeye ndiye aliyefungua mlango.

Dawa yake ni moja. Kofia ya mganga ikipita, asitoe hata senti. Ikija ya maji, bandeji na nauli ya mwenzake anayetoka mbali, atoe mara mbili. Kesho yake, hata kama wamefungwa, awe wa kwanza mazoezini, kabeba mipira. Na wakianza kunong'ona kwamba kipa karogwa au kauza mechi, akakae na kipa.

Hapo hata asiyesali atajua huyu kijana anaamini nini.